Msumari wa Ukuta wa Kushoto

Ujumbe wa shangazi yangu, tantine Espérance, ulinikuta kazini, wakati wa chakula cha mchana: "Mista Gourlay amekufa jana asubuhi. Mimi nakwenda kukaa. Weye?" Kwetu Wakongo mtu akifa, kukaa kuna maana moja tu: unachukua mkeka au kiti, unakwenda kwa wafiwa, unakaa nao siku zote za matanga ili nyumba isiwe na baridi. Nilimjibu kwamba nitakuja. Kisha nikaandika, "Na tonton?" Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwishowe ikaja: "Sijamuuliza. Uliza weye." Sikuuliza. Tonton Kalala, mume wake, hajalitaja jina la Mista Gourlay kwa miaka mingi. Akilazimika husema "yule wa Mobeni", kama mtu anayetaja ugonjwa. Nilibaki na simu mkononi, chakula kikapoa, nikarudi kichwani hadi 2012, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na sita na kila alasiri nilipita kwenye korido ya nyumba moja ya Berea, mtaa wa Durban, nikiogopa kuinua macho.

Kwa nini nilikuwa naishi na tantine na si na mama yangu ni hadithi nyingine, siihitaji hapa. Inatosha kujua kwamba tantine alikuwa mpishi wa Mista Gourlay, tonton alikuwa mkata sponji katika kiwanda cha magodoro kule Mobeni, na mwanzoni mwa mwaka ule kiwanda hicho kilinunuliwa na huyohuyo Mista Gourlay. Mtu mmoja alikuwa ameishika sufuria yetu pande zote mbili. Shule ikiisha nilipanda kutoka Overport hadi juu Berea, kwa kuwa tantine hakutaka nibaki peke yangu kwenye flati, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa nimetegemea nyumba ya tajiri, nikakuta mbao za sakafu zinazolia, harufu ya nta na supu ya shayiri, na mzee mrefu mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, anayezima taa nyuma ya kila mtu. Alitumia kifuko kimoja cha chai mara mbili. Baada ya kikombe cha kwanza alikilaza kwenye kisahani kando ya dirisha kama kitu kinachopumzika. Asubuhi alikula uji wa oti uliotiwa chumvi, amesimama. Tantine hakuuzoea uji ule hata siku moja. "Tajiri gani anakula chumvi kwenye uji?" aliniambia akikoroga. "Sisi hata kambi ya wakimbizi tulitafuta sukari."

Kutoka jikoni mpaka chumba cha mke wake ulipita korido ndefu, na pande zote mbili kulikuwa na picha zenye fremu nyeusi. Hazikuwa za watoto wala za harusi. Zilikuwa picha za watu wamesimama mbele ya majengo: wanawake wenye kofia nyeupe, madereva wamejipanga mbele ya mabasi, wanaume wamekunja mikono, theluji miguuni. Mwanzoni nilidhani ni ukoo mkubwa wa wazungu wasiocheka. Aliyenieleza ni Mama Elspeth, mke wake, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa haondoki tena kitandani kwa sababu ya mapafu. Alitaka mtu wa kumsomea gazeti alasiri, na mimi, ambaye darasani nikiulizwa swali nilitazama viatu vyangu, nikapewa kazi hiyo. Alinisahihisha kila neno kwa upole, mpaka wenzangu shuleni wakaanza kunicheka kwa jinsi nilivyoikokota r ya Kiingereza kama yeye. Hadi leo naikokota.

Yeye ndiye aliyenisimulia maisha ya mume wake, kipande kwa kipande, akipumzika katikati. Baba yake alikuwa mwoka mikate katika mji mdogo wa Uskoti, kando ya mto usiowahi kupata joto. Kijana Gourlay alisambaza mikate kwa baiskeli kabla ya shule. Mwenye gari la mikate alipozeeka, akalinunua gari, baadaye magari, halafu akalinunua tanuri lililokuwa likimpa mikate ya kubeba. Watu wa mji walisema ana bahati. "Haikuwa bahati," Mama Elspeth alisema. "Alinusa." Alinunua vitu vinavyougua: kiwanda cha biskuti, kampuni ya mabasi, hoteli iliyovuja. Alihamia humo, akalala ofisini, akala na wafanyakazi, akashika kila mashine kwa mkono wake. Mwisho wa miezi kadhaa aliamua kama kitu kitapona au hakitapona. Kikipona, alikiuza kwa faida na kwenda kutafuta mgonjwa mwingine. Kisipopona, alikifunga. "Picha za kulia ni za vilivyopona," alisema. "Za kushoto ni za alivyofunga. Hatundiki mpaka awe ameamua. Anasema mtu anayefunga mlango lazima awaone watu wake kila akienda kulala."

Mwisho wa korido, sakafuni, palikuwa na picha moja imeegemea ukuta wa mwisho, si kulia wala kushoto. Niliinama nikaitazama siku ileile. Tonton yangu alikuwa mstari wa pili, ametabasamu meno yote, na vipande vya sponji nywelani kama mtu aliyetoka kwenye ile theluji yao.

Tangu siku hiyo sikupita korido ile kama mtu wa kawaida. Nilihesabu kichwani: picha iko chini, bado, bado. Nyumbani Overport tuliishi chumba kimoja na sebule iliyogawanywa kwa pazia, na kitanda changu kilikuwa mabaki ya sponji yaliyounganishwa kwa gundi, ya kijani, ya pinki, ya manjano, kila pande na ugumu wake. Nilijua kiwanda kwa mgongo wangu. Tonton alirudi na sweta imejaa chembe, akazipukuta barazani, akakaa mbele ya bugali, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. "Mademoiselle wa Berea," aliniambia, "leo umekula nini na wazungu?"

"Supu ya shayiri, tonton."

"Eh. Chakula ya farasi. Na patron wa kiwanda, iko anasema nini juu yetu?"

"Hasemi kitu."

"Mtu mwenye pesa akinyamaza, ndiyo anasema," alijibu, akacheka, akaongeza samaki wa chumvi kwenye sahani yangu. Jumapili kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Nusu ya wanaume wa ibada yetu ya Kiswahili walifanya kazi kiwandani pale, na wote walijua ninashinda wapi. Walinizunguka uani baada ya sala, wakubwa kwa umri kama baba zangu, wakiniita binti, mama, hata tantine, ili niwape neno moja. Nilikuwa na daftari la kuandika siku zangu, na mwaka ule karibu kila ukurasa una sentensi ileile: picha bado iko chini.

Mista Gourlay mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua. Ningependa awe mbaya. Alikwenda Mobeni kila siku kwa pikapu yake ya zamani, akala mchana na wakataji, akajifunza kuendesha mashine ya tonton mpaka akakata bloku moja ya sponji upande, watu wakamcheka mbele ya uso wake na yeye akacheka. Tonton alimpenda. "Huyu si mzungu wa ofisi," alituambia. "Anashika." Lakini mimi nilisikia pia yaliyosemwa Berea, kwa kuwa mlango wa chumba chake cha kazi haukufunga vizuri. Meneja wa kiwanda, mwanamume wa Durban mwenye sauti nyembamba, alikuja mara nyingi jioni. Niliwasikia wakizungumza juu ya magodoro yanayoshuka bandarini yakiwa yamebanwa na kukunjwa kama mikeka, kontena moja likibeba mengi ajabu. "Sisi tunasafirisha hewa," Mista Gourlay alisema siku moja. "Lori zima la hewa." Kijiko kikagonga kikombe. Siku nyingine alisikika akisema, "Mashine si mbaya. Watu si wabaya. Ndilo jambo baya kuliko yote, kukiwa hakuna wa kumlaumu."

Kulikuwa na kisa kimoja Mama Elspeth alichonisimulia kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Picha ya kwanza kabisa ya ukuta wa kushoto ilikuwa ya kiwanda cha soksi katika mji wao wenyewe. Dada ya mama yake Gourlay alikuwa anafanya kazi pale. Gourlay alipotangaza kufunga, watu wa mji walikuja nyumbani kwake wakasimama nje ya geti, siku nzima, kisha siku ya pili, bila kelele, bila kusema neno. Yeye na Elspeth walikunywa chai ndani, mapazia yamefungwa. "Hawakurusha hata jiwe," alisema. "Afadhali wangerusha." Mama mzazi wa Gourlay hakukanyaga tena nyumba yake. Aliponisimulia hayo nilielewa kwa nini mzee akipita korido hutembea bega likigusa picha za kulia, macho kwenye za kushoto.

Kisha ikaja ile Alhamisi ya Agosti. Nilikuwa jikoni namsaidia tantine kuchambua lengalenga zake, mchicha wetu, tulizokuwa tunapika kwetu baadaye, nikasikia nyundo. Mapigo machache tu. Nilipokwenda na gazeti, nilimkuta Mista Gourlay anarudi amevaa soksi bila viatu, nyundo mkononi. "Habari za mchana, Riziki," alisema, akapita. Picha ilikuwa bado sakafuni. Lakini kwenye ukuta wa kushoto, baada ya fremu ya mwisho, kulikuwa na msumari mpya, unang'aa, na vumbi kidogo la chokaa chini yake. Nilimsomea Mama Elspeth gazeti lote siku ile na sijui nilisoma nini. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Huenda ndiyo sababu picha haikutundikwa: mzee hakutaka mke wake apitishwe mbele ya picha hiyo siku ya kutolewa.

Nilimwambia tantine kwenye sinki. Hakugeuka. "Umeona picha juu, ao umeona msumari?"

"Msumari."

"Bon. Msumari hauko picha. Funga kinywa. Ukimwambia tonton yako leo, kesho Mobeni yote inawaka, na mama ule anakufa kwa kitanda yake na kelele kwa geti. Siku yao ya kusema itafika, na wenyewe watasema." Halafu aliendelea kuosha zile mboga, akaziosha mara ya pili, ya tatu, mpaka maji yakawa safi kuliko ya kunywa.

Mama Elspeth alifariki Jumanne iliyofuata, asubuhi. Daktari alikuwa bado hajaondoka, habari ilikwisha kufika Mobeni kupitia simu ya tantine. Na hapo ndipo watu wetu walipofanya jambo ambalo hakuna meneja angelielewa. Meneja aliwaambia kampuni itatuma maua. Tonton alimuuliza, "Na nani anakwenda kukaa?" Meneja akasema hakuna haja, familia inataka utulivu. Basi wakazima mashine. Kulikuwa na magodoro ya hospitali nusu yamekatwa, lori linangoja, na wao wakazima mashine, Wakongo, Watanzania wawili watatu, na Wazulu waliofanya nao kazi, ambao walielewa bila kuelezwa. Patron amefiwa, mtu haachwi peke yake. Walikuja wamevaa mashati safi, wengine na wake zao, mikeka kichwani, viti vya plastiki, sufuria. Walipofika kwenye geti la Berea walivua kofia, wakasimama kimya kungoja mwenye nyumba awafungulie, kama desturi ilivyo.

Mimi nilikuwa ndani. Niliona kupitia dirisha la jikoni: watu wengi, wamesimama nje ya geti, bila kelele, bila neno. Gari la walinzi wa mtaa lilikuwa limekwisha kusimama kando ya barabara. Nikawaza kiwanda cha soksi. Mista Gourlay alitoka kabla sijafikiri la kufanya. Hakuwa amenyoa. Nilimkimbilia nyuma, nikamfikia kwenye geti. Aliwatazama, uso wake ukawa rangi ya majivu, akaniambia mimi, kwa sauti iliyokuwa imekwisha, "Waambie si leo. Jumatatu nitakuja kuwaambia mwenyewe juu ya kufunga. Mke wangu bado yumo ndani. Waombe, si leo."

"Riziki," tonton aliniita kutoka upande wa pili wa vyuma, "patron anasema nini?"

Sijawahi kutazamwa na macho mengi hivyo. Nilisema, "Anasema mama bado yumo ndani." Wanawake walipoyasikia hayo wakaanza kulia, si kwa kelele, ule mlio wa chini unaoanzia kifuani. Kisha nikamgeukia mzee, na Kiingereza changu chote, pamoja na ile r ya mke wake, kikanitoka mara moja. Nilimwambia hawakuja kwa ajili ya kiwanda. Hawajui lolote juu ya kiwanda. Wamekuja kukaa naye, kwa sababu kwetu mtu akifiwa hatumwachi.

Mzee alishika komeo la geti. "Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Tunapika, tunaimba, tunakaa."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Alifungua geti. Walitandika mikeka kwenye majani yake yaliyokatwa vizuri, tantine akawasha makaa nyuma ya gereji, na mtu akamletea mzee kiti cha plastiki, akakalia kama mtoto aliyepelekwa shule ngeni. Tonton alikaa kando yake, akamshika mkono, kama wanaume wetu wanavyoshikana. Sikuweza kuutazama mkono ule. Mista Gourlay alikula bugali kwa vidole, akajipaka sombe kidevuni, na wakati mmoja alicheka kitu tonton alichosema juu ya ile bloku iliyokatwa upande. Tonton alilia kweli, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Mimi nilipita kati yao na birika la chai, nikijua, na nikimwona mzee naye anajua kwamba najua.

Jumatatu alikwenda Mobeni, akasimama mbele ya mashine, akawaambia mwenyewe. Kiwanda kinafungwa. Meneja alijaribu kusema kwamba zile siku tatu ndizo zilizoua oda ya hospitali, na mzee akamkatiza mbele ya watu wote: hapana, niliamua kabla mke wangu hajafa. Nadhani alitaka wasijilaumu. Lakini tonton alisikia jambo lingine kabisa, akarudi nalo nyumbani, akaliweka mezani mahali pa chakula. "Mkono yake ilikuwa ndani ya mkono yangu," alisema. "Alikuwa anakula bugali yetu, na anajua." Tantine akamwambia kwamba na mimi niliuona msumari. Tonton akanigeukia. "Weye haukuwa na kiwanda," alisema, na hakuongeza neno, siku ile wala baadaye.

Kesho yake mlango wa flati ukagongwa. Mista Gourlay alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa koti jeusi la mazishi, na kiti cha kukunja chini ya kwapa. Alimwambia tantine, "Nimekuja kukaa," akalisema neno lenyewe kwa Kiswahili, vibaya. Wanaume kadhaa wa kiwandani walikuwa pale. Mmoja alisema, "Eish, huyu mzee hana aibu," na mwingine akamjibu, "Ama anayo sana." Walimwacha aingie. Alikaa kati ya pazia langu na friji, magoti yamepanda juu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikula alichopewa. Hakuomba msamaha na hakuahidi kitu. Tonton alikaa barazani siku zote tatu, ametugeuzia mgongo, anatazama barabara na robot, zile taa za magari, inavyobadilika rangi. Ya tatu ilipoisha mzee alikunja kiti chake, akasema kwaheri kwa mgongo ule, akashuka ngazi.

Tonton alipata kazi tena, kulinda magari, kisha katika duka la simu la mtu wa kanisani, kisha bila kazi, kisha tena kulinda magari. Tantine aliendelea kupika Berea. Hawakuligombania jambo hilo, walilizunguka tu, kama meza kubwa mno kwenye chumba kidogo.

Juzi nilipanda Berea na mkeka. Binti wa Mista Gourlay, mwanamke mpole aliyechoka na safari ya ndege, alikuwa amepanga chai ya nusu saa baada ya kuchoma mwili. Tantine alikuwa amekwisha kumweleza, na yeye aliniuliza kwa wasiwasi kama tunangoja kitu. Nilimwambia hapana, tunakaa. Tulikuwa wanawake watano kwenye majani. Nikaingia ndani kuchota maji, nikapita korido. Picha ilikuwa kushoto, kwenye ule msumari, na kwa mara ya kwanza niliitazama nikiwa nimesimama wima. Chembe za sponji nywelani, meno yote.

Niliporudi nje, tantine alikuwa ameacha kukoroga. Anatazama geti. Tonton Kalala alikuwa anapanda ile njia polepole, shati la kanisani, kiti cha plastiki kichwani, amekishika kwa mkono mmoja. Nilimkimbilia kumpokea.

"Tonton, viti viko."

"Nimeviona," alisema. "Mimi nimekuja na yangu."

Alikiweka mbali kidogo na sisi, mgongo kwa nyumba. Alisimama nyuma yake, mikono juu ya plastiki, kama anayesoma kitu mbali. Kisha akakiinua, akakigeuza kikaelekea mlango.

"Ni siku tatu?" aliniuliza.

"Tatu."

"Bon," alisema, akakaa.